Tusiseme Walistahili



Wapendwa waamini, kila inapopita Ijumaa Kuu husikika katika jumuiya zetu hapa Dodoma usemi mmoja: kwamba Wayahudi waliouawa na Hitler walistahili, kwa kuwa wazee wao walimsulibisha Bwana. Usemi huo tunaukataa. Hauna nafasi kinywani mwa Mkatoliki.

Kwanza, Kanisa limekwisha kusema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo. Tena Bwana mwenyewe, Mama yake na Mitume wake walikuwa Wayahudi.

Pili, twauliza: ni nani hasa aliyestahili? Elie Wiesel alikuwa na miaka 15 alipopelekwa Auschwitz pamoja na jamaa yake mwaka 1944. Mama yake na mdogo wake wa kike waliuawa huko, baba yake alifia Buchenwald, kijana akaokoka. Kati ya Wayahudi wapatao milioni 6 waliouawa, zaidi ya milioni moja walikuwa watoto. Mtoto anyonyaye alimsulibisha nani?

Wengine hujitetea kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawatumikia Wajerumani vitani angali mtoto, kisha akahamia Berlin na kufundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafungwa bila kesi katika kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Fikra zile zile za damu safi zilizomwangamiza Myahudi zilimfikia na mwenzetu.

Nasi tunaoishi Ugogo twaujua uchungu wa kubandikwa jina. Kwa sababu ya njaa za ukame, kabila zima liliitwa ombaomba, na waliolibandika jina hilo waliona ni utani tu. Maangamizi hayaanzi kwa moto. Huanza kwa neno linalowavua watu utu wao, na wasikilizaji wakacheka au wakanyamaza.

Basi, atakayeurudia usemi ule jumuiyani asiachwe bila kujibiwa. Ajibiwe kwa upole, lakini ajibiwe siku hiyo hiyo, mbele ya watoto waliomsikia.