Kibaha au Kisarawe: kiwanja nafuu, nauli ya kila siku

Kila tunapozungumzia kodi za nyumba Dar es Salaam, swali hurudi: tuhamie Kibaha au Kisarawe? Wengi wameshahama. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 1.1 mkoani Pwani. Ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 2.

Wanachofuata kinaeleweka. Bei ya kiwanja cha Mbezi huku inakupa nafasi ya nyumba, migomba na banda la kuku. Tena Kibaha haikuanza kama mji wa kwenda kulala tu. Mradi wa nchi za Nordic wa miaka ya 1960 ndio uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, na mji una shule zake pamoja na hospitali ya Tumbi.

Kazi ipo alfajiri. Anayefanya kazi Kariakoo ana kilomita 40 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, lakini ukishapita Kimara kuelekea mjini foleni inakusubiri palepale. Treni ya SGR, iliyoanza 2024, inapita mkoani, ila vituo vya Soga na Ruvu viko mbali na Maili Moja, na treni haisimami kama daladala.

Kisarawe iko jirani kuliko wengi wanavyodhani, mbele kidogo ya Gongo la Mboto, kando ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Kumetulia, labda mno kwa kijana anayetafuta wateja. Kilio chake kilikuwa maji, hadi mradi wa kutoka Kibamba ulipozinduliwa 2020. Lakini maji hayo chanzo chake ni mto Ruvu, na ukame wa 2022 ulituonyesha Ruvu ukipungua kunakuwaje. Nunua tangi kabla ya sofa.

Kwa maoni yetu, mwalimu, nesi au fundi mwenye kazi hukuhuku asisite kuhamia Kibaha. Bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa 2025, inaweza kuongeza ajira upande huu. Kisarawe tungemshauri mstaafu, au mwenye shughuli Gongo la Mboto na uwanja wa ndege. Mwenye ofisi Posta apige kwanza hesabu ya nauli ya familia nzima kwa miaka kumi, aijumlishe kwenye bei ya kiwanja.

Na karatasi ya serikali ya mtaa si hati. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uone ramani ya upimaji, kabla hujatoa hata malipo ya awali.