Posho Ikikoma Kabla Benki Haijajibu

Juma lililopita alifika kwangu mama mmoja, mke wa askari, bahasha ya benki mkononi. Mumewe alipokuja likizo kutoka Somalia, walipeleka benki ombi la mkopo wa nyumba, shilingi milioni 45. Sasa mume amekwisha kurudi kambini moja kwa moja, posho ya ulinzi wa amani imekoma, na ombi bado liko mezani kwa afisa wa mikopo. Benki haijaambiwa neno.

"Mwalimu," aliniuliza, "tukinyamaza, si watatupatia tu?"

Nilimjibu kuwa huenda wakawapatia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Tukachukua karatasi, tukapiga hesabu. Mshahara wa mume ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Posho ilikuwa 1,200,000. Jumla ni milioni 2, na theluthi yake yapata 666,000. Mkopo wa milioni 45 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 15, hudai takriban shilingi 661,000 kila mwezi. Kwa mapato ya zamani, hesabu ilikaa sawa. Kwa mshahara mtupu, jamaa hii ingebakiwa na shilingi 139,000 za chakula, karo, dawa na sabuni. Mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu, asiseme kitu.

Posho si mshahara, hata ikilipwa kwa miaka. Tangu askari wa Uganda walipotua Mogadishu Machi 2007, jamaa nyingi zimejengewa na fedha hizo, nami nazipongeza. Lakini mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukizigharimia, ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20, na askari hakuulizwa.

Ndugu wasomaji, ombi la mkopo ni maelezo ya hali yenu mpaka siku fedha zitakapotolewa. Mapato yakipungua kabla ya siku hiyo, andikieni benki, mkiambatisha karatasi mpya ya mshahara. Benki yaweza kupunguza kiasi, kurefusha muda, au kukataa. Kukataliwa kunauma, lakini nyumba haijapigwa mnada. Afichaye kwa makusudi ili apewe mkopo anaweza kujikuta mbele ya hakimu. Kwa askari polisi, hiyo ni aibu maradufu. Vivyo hivyo kwa mkopo mpya wa chama cha akiba unaochukuliwa wakati wa kungoja: nao hula mshahara uleule.

Cheo kikipanda, pelekeni barua yake, ila msiongeze kiasi cha mkopo kabla nyongeza haijaonekana katika karatasi ya mshahara.

Nina neno kwa akina mama. Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009 hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila idhini ya mwenzi. Kwa hiyo mtaletewa karatasi mtie sahihi. Wako waume wanaoileta usiku, chakula kikiwa mezani, na kusema ni jambo dogo. Si dogo. Ulizeni: mshahara ni kiasi gani, posho ni kiasi gani, na posho inakoma lini? Kwa sheria hiyohiyo, deni lisipolipwa, benki yaweza kutoa taarifa ya kudai. Zikipita siku 45 za kazi bila marekebisho, yaweza kutoa notisi ya kuuza ya siku 21 za kazi. Baada ya hapo ni mnada, na watoto huhama na magodoro.

Mama yule alirudi juzi pamoja na mumewe. Wameiandikia benki. Kwa mshahara peke yake, theluthi yake ni 266,000, nayo hubeba mkopo wa milioni 18 hivi. Nyumba ile ya milioni 45 wameiacha. Akiba ya posho watanunulia kiwanja, na mkopo, ukikubaliwa, utajenga vyumba viwili na jiko. Mume alinung'unika kidogo juu ya sebule. Mama alikuwa tayari anauliza bei ya matofali.