"Pyua" siyo cheti cha afya ya mbwa

1/6
Wamama wenzangu, leo tuache kidogo mambo ya chanjo na uji wa mtoto, tuongee mbwa. Kila siku matangazo: "German Shepherd pyua, damu haijachanganywa, anapenda watoto." Mnatoa hela ndefu, watoto wanamzoea. Akifika miaka minane, tisa, anaanza kuburuta miguu ya nyuma. Hapo dada wa kazi anageuziwa kibao: "Kamlisha sumu!" Jamani, muacheni huyo binti.

2/6
Upo ugonjwa wa kurithi wa uti wa mgongo unaowapata German Shepherd, Boxer, Corgi na wengine. Neva za uti wa mgongo zinakufa polepole. Mbwa anapepesuka nyuma, kucha zinalika kwa kukwaruza sakafu, miguu inapishana akigeuka. Hasikii maumivu. Baada ya miezi kadhaa nyuma kote kunapooza, haja inatoka bila yeye kujua. Dawa ya kuponya haipo. Mbwa aliyekula sumu ya mtaani kwa kawaida hutapika, hutetemeka na kutoka mapovu ndani ya saa chache, hachukui mwaka mzima kuzidiwa.

3/6
Kasoro iko kwenye jeni inayoitwa SOD1. Watafiti waliigundua kwa mbwa mwaka 2009. Kasoro za jeni hiyohiyo kwa binadamu husababisha baadhi ya visa vya ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli.
Mnaojua selimundu mtanielewa upesi. Mama AS na baba AS wazima kabisa, lakini kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto SS. Na huku ni hivyohivyo: mtoto wa mbwa akipata nakala mbovu kwa mama na kwa baba, yuko hatarini. Si wote wenye nakala mbili wanaougua, ila wanaougua karibu wote ni hao.

4/6
Sasa muuzaji anakwambia, "Njoo uone wazazi wake, wazima hawa." Wazima ndiyo, wana miaka mitatu! Ugonjwa unaanza uzeeni, wakati mbwa ameshazaa mara nne. Mwenye nakala moja kwa kawaida haugui kabisa, anagawa tu.
Wengine wanampandisha dada kwa kaka ili "damu isiharibike". Hiyo ndiyo njia ya kukutanisha nakala mbili mbovu! Halafu mnamdharau mbwa wa kienyeji. Naye hana kinga ya kila kitu, lakini hakuna aliyekaa kumpangia kaka amuoe dada.
"Kipimo ghali." Kijiti cha pamba ndani ya shavu, mara moja maishani. Dume akionekana hana nakala mbovu hata moja, hakuna mtoto wake atakayerithi mbili. Anayeuza watoto wa mbwa mwaka hadi mwaka ashindwe hilo?

5/6
Hapa naongea kama nesi, someni vizuri. Mbwa aliyelegea ghafla, kwa siku chache, au aliyebadilika tabia, msiseme "ni ya kurithi". Kichaa cha mbwa nacho hupoozesha. Watoto wakae mbali, aitwe daktari wa mifugo. Akimng'ata mtoto au kumkwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa mtoto, karibu hakuna anayepona.

6/6
Kabla hujalipa, uliza: wazazi wana undugu? Dume amepimwa SOD1, karatasi iko wapi? Bibi na babu wa huyu mbwa walizeeka vipi? Akikasirika, rudi na hela yako.
Na ambaye mbwa wake ameshaanza kuburuta miguu: mpeleke kwa daktari wa mifugo, na yeye wala ndugu zake msiwazalishe tena bila kupima. Mtumie na baba watoto hii, maana mara nyingi ndiye anayekuja na mbwa kwenye boksi bila kuuliza.