Ugeni si Ajabu

Katika kurasa hizi nitawasema walimu wenzangu wa Kiingereza, kwa hiyo ni haki nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1986 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Mwanachuo mmoja alirudi kutoka mazoezi ya kufundisha kijijini, akaandika katika taarifa yake: “At first the children were strange to me.” Nilipiga mstari kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni kwamba anayewaona watoto wa watu kuwa vioja hafai kusimama mbele yao. Nikampunguzia alama.

Alikuja ofisini, akaniamkia, akasema kwa adabu, “Mwalimu, nilitaka kusema kwamba sikuwa nimewazoea.” Nikamjibu kwa ukali kwamba angeandika hivyo. Kumbe ndivyo alivyoandika.

Neno hilo “strange” Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, “extraneus”, yaani -a nje. Maana yake ya kwanza ni ugeni. Ndiyo sababu hadi leo “stranger” ni mtu usiyemjua tu, hata awe mwungwana namna gani. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hulitumia neno hilo kwa watu na miungu ya mataifa mengine. Maana ya kitu kinachoshangaza au kutia shaka ilichipuka humo humo, na siku hizi ndiyo iliyotawala. Gari likitoa mlio “strange”, Mwingereza hasemi kwamba mlio umetoka ng’ambo! Hilo silibishi. Ninalobisha ni kuifanya maana hiyo kuwa ya pekee. Mtu akiandika “strange to me”, tena akatanguliza “at first”, mwalimu mwenye macho atafikiri kwanza habari ya mazoea.

Lakini sisi tunaandika ubaoni “strange: -a ajabu”, tunafuta ubao, tunaendelea. Uvivu huu hauna udhuru, kwa kuwa Kiswahili hakikutunyima neno. Tunayo -geni: kazi ngeni, jambo geni, watu wageni. Nayo ina sifa moja kubwa, kwamba ugeni una mwisho. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ajabu haipewi jembe. Hutazamwa, huchekwa, au hukimbiwa.

Najua wapo watakaosema mzee amekosa kazi, anagombana na neno moja. Haya. Nimewaona walimu wapya waliopangiwa mikoa wasiyoijua wakiomba uhamisho kabla muhula wa kwanza haujaisha, hoja yao ikiwa kwamba watu wa huko wana mila za ajabu na chakula cha ajabu. Chakula chenyewe ndizi! Walifundishwa na sisi kwamba wasichokizoea kina kasoro, na kwamba kasoro hiyo imo katika kitu chenyewe, wala si katika uchanga wao mahali pale.

Yule kijana wa mwaka 1986 alikuwa ameshavuka hatua hiyo. Neno lake “at first” lilinieleza wazi kwamba mwishowe watoto wale aliwazoea. Alama zake sikuzirudisha, kwani nilipokuja kulitambua kosa orodha ilikuwa imekwisha kupelekwa, naye amekwisha kwenda kuanza kazi.