Daftari Lisilosomeka

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilosomeka nalo halina tofauti. Tangu miaka ya 1970, mashairi ya Kisomali, pamoja na barua za sauti za jamaa waliotengana, yalisafiri katika kanda za kaseti; baadaye miswada ikahifadhiwa katika disketi za megabaiti 1.44. Joto na vumbi la Garissa huharibu utepe, na kompyuta za leo hazina mahali pa kuingizia disketi. Huko Hargeysa, kituo cha utamaduni kimekusanya maelfu ya kanda na kuanza kuzinakili kidijitali. Chuo Kikuu cha Garissa kinafaa kuongoza kazi kama hiyo Kaskazini Mashariki, kikianza kwa kutafuta mashine kuukuu zingali zikifanya kazi. Mashine ikikosekana, hata kanda nzima ni bubu.