Sukari ya Kigwa inategemea mvua za Morogoro

UKIINGIA duka lolote la Kigwa, wilayani Uyui, mkoani Tabora, utakuta sukari iliyosafiri mbali. Kilombero, Mtibwa na Mkulazi viko Morogoro, TPC iko Moshi, Kagera Sugar iko Misenyi, na Bagamoyo Sugar, kilichoanza uzalishaji mwaka 2022, kiko Pwani. Tabora haina kiwanda hata kimoja.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Kigwa. Bidhaa za pwani zilifika zikiwa na bei ya safari ndefu. Kwa sukari, hali hiyo haijabadilika sana.

Wapo wanaouliza kwa nini kiwanda kisijengwe hapa. Jibu liko kwenye muwa wenyewe. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza utamu, hivyo unatakiwa kusagwa ndani ya siku moja au mbili. Tena, inahitajika takriban tani kumi za miwa kupata tani moja ya sukari. Hakuna mwekezaji atakayesafirisha mzigo wa namna hiyo kwa mamia ya kilomita. Kiwanda hulifuata shamba, na shamba hufuata maji. Uyui ina msimu mmoja wa mvua, kisha miezi mingi ya ukavu.

Kwa hiyo jambo la kudai si kiwanda. La kudai ni ghala.

Viwanda vya sukari havifanyi kazi mwaka mzima. Mvua za masika zinapoanza, matrekta hayaingii mashambani, mitambo husimamishwa na kufanyiwa matengenezo. Nchi hula akiba. Akiba ikiwa ndogo, pengo hujazwa na sukari ya nje.

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino ziliwahi kuliko ratiba. Uvunaji ulikwama na utamu wa miwa ukashuka. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja kati ya Sh2,700 na Sh3,200 kwa kilo, kutegemea eneo. Hata hivyo, sehemu nyingi nchini wananchi waliinunua kwa zaidi ya Sh4,000.

Chukua mfano wa mwenye duka dogo mwenye mtaji wa Sh1,300,000. Akinunua kwa Sh2,600 kwa kilo, anapata mifuko kumi ya kilo 50. Bei ya jumla ikifika Sh3,600, mtaji uleule unampatia mifuko saba tu. Akipandisha bei anaitwa mlanguzi, asipopandisha mtaji unakatika. Mkulima wa tumbaku naye, ambaye malipo yake hayajaingia, anaomba kukopeshwa robo kilo.

Mwaka 2024 sheria ilirekebishwa, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ukaruhusiwa kununua, kuagiza na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo. Ni hatua nzuri, lakini sukari ikirundikwa Dar es Salaam haitamsaidia mtu wa Kigwa kwa wakati. Tabora ni njia panda ya reli ya Kigoma na Mwanza, na tangu 2022 kipande cha lami cha Nyahua hadi Chaya kimefunguliwa kuelekea Itigi. Ni mahali panapofaa kuweka akiba kabla masika hayajaanza, si baada ya bei kupanda.

Kiasi nacho kipimwe. Sukari ya nje ikizidi pengo, viwanda vinabaki na shehena, na mkulima wa miwa Kilombero au Mtibwa anacheleweshewa fedha zake. Upanuzi wa Kilombero, ulioamuliwa mwaka 2021, ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka tani 127,000 hadi 271,000 kwa mwaka. Uwekezaji kama huo unahitaji soko la uhakika.

Wakati hayo yakisubiriwa, wafanyabiashara wa Kigwa wanaweza kuungana na kununua kwa pamoja viwanda vikiwa katika msimu, hasa kati ya Julai na Desemba. Lori moja likigawanywa kwa maduka kumi, nauli ya kila mfuko hupungua. Si kuficha bidhaa, ni kujiandaa. Akiba haiozi.