Gari Likipata Hasara Njiani, Lawama Hurudi Bombolulu

Kijana wa jirani yangu hutoka nyumbani hapa Bombolulu kabla ya adhana ya alfajiri, begi dogo mgongoni, na kupanda matatu ya kuvuka daraja la Nyali. Akifika mjini hupanda nyingine hadi Changamwe. Hana gari. Anakwenda kuchukua la mtu mwingine, lililoshuka melini kutoka Japani, alipeleke Malaba, au avuke nalo mpaka Kampala. Akirudi baada ya siku nne au tano, hurudi kwa basi, macho mekundu, na zawadi ya mama yake: ndizi za matoke zilizofungwa kwenye gunia.

Mtaani kwetu vijana wa kazi hiyo si wachache, na Kisauni nzima wako wengi. Kwa miaka nimewaona wakipita bila kuwafikiria sana. Mwaka 2023 ndipo jambo hili liliponigonga mlangoni.

Shemeji yangu anayeishi Kampala aliagiza gari. Kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu na bandari, alinituma nimsimamie. Wakala wa forodha alifanya kazi yake vizuri, karatasi zikatoka, ikabaki kulisafirisha. Shemeji alisisitiza kitu kimoja: gari lipande trela. Hakutaka liendeshwe zaidi ya kilomita 1,100 kabla yeye mwenyewe hajaketi kwenye usukani. Nilikwenda kwa kampuni moja ya usafirishaji, nikaelewana nao bei ya trela, nikalipa, nikapewa risiti. Niliikunja nikatia mfukoni. Iliandikwa "usafirishaji wa gari, Mombasa hadi Kampala". Neno trela halikuwemo, nami sikuliangalia.

Gari lilifika siku ya saba. Lilikuwa limetembea. Kilomita kwenye dashibodi zilikuwa zimepanda kwa kiasi cha safari nzima, bampa ya mbele ina mkwaruzo, tairi ya spea haipo, jeki haipo. Shemeji alinipigia simu usiku akiwa amewaka. Aliniambia maneno ambayo mtu humwambia shemeji mara moja tu maishani.

Niliporudi kwenye ile kampuni, karani alifungua daftari, akanipa jina la dereva na namba yake. "Mtafute huyu, ndiye aliyekuwa na gari," akasema. Nilisoma jina mara mbili. Alikuwa ni yule kijana wa jirani yangu.

Nilikwenda kwao jioni. Mama yake alinikaribisha chai kabla hajajua nimefuata nini, na ile chai sikuweza kuimaliza. Kijana hakukimbia. Alikaa akanieleza safari yake kituo kwa kituo: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Mlolongo, Nakuru, Eldoret, Malaba. Hakuna aliyemwambia kwamba gari lililipiwa trela. Alipewa pesa za mafuta zilizopimwa kwa kijiko, na ujira wa safari ambao nusu yake ungelipwa akirudi. Pale mpakani karatasi zilichelewa, gari likalala yadi siku mbili, naye akalala kwenye benchi la mkahawa kwa sababu hakuruhusiwa kulala ndani ya yadi. Mkwaruzo alisema aliukuta tangu Mombasa. Tairi alisema hakumbuki kama aliiona, kwani hakuna aliyefungua buti wakati wa kumkabidhi gari.

Je, alisema kweli? Mpaka leo sina hakika. Na hilo ndilo linalonifanya niandike. Kati yangu, kampuni, kijana na yadi ya mpakani, hakukuwa na karatasi hata moja inayoonyesha gari lilikuwa katika hali gani lilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ya shemeji haikuisha yote, lakini ile iliyokwisha, habari yake haipo.

Tuitazame kazi hii kwa utulivu, maana wengi tunaiona juu juu. Magari yanayopita hapa kwenda nchi jirani si magari ya Kenya. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, huzuia lililozidi miaka 15 tangu kuundwa. Kwa hiyo gari la miaka 12 ni halali kwenda Kampala lakini haliwezi kusajiliwa Mombasa. Ndiyo maana serikali hulilinda kwa makini: likichepuka na kuuzwa humu, ushuru umepotea na sheria imevunjwa.

Na ulinzi huo upo. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa bidhaa nyingi za Uganda hulipwa huko Uganda kabla mzigo haujaachiliwa hapa Mombasa. Gari ambalo ushuru wake haujalipwa husafiri chini ya dhamana ya forodha, na likipotea kuna wa kudaiwa. Mwaka 2012 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ilipotaka dhamana ya pesa taslimu kwa sukari na kwa magari ya injini ya zaidi ya cc 2,000, wafanyabiashara wa Uganda na Rwanda walipiga kelele kwamba mitaji yao inafungwa. Iwe hatua ile ilikuwa sawa au la, ilionyesha wazi kwamba serikali ikiogopa kupoteza chake, hujua namna ya kujikinga.

Sasa tuwaangalie wengine. Wakala ameshalipwa. Kampuni imeshalipwa. Serikali za nchi mbili zimejikinga. Gari likitoka getini, hatari iliyobaki iko juu ya watu wawili: mwenye gari, ambaye yuko mbali na haoni kitu, na dereva, ambaye ana ujira wa safari moja na hana mkataba. Wote wawili ndio wasio na karatasi.

Hata bima husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kadi ya njano ya COMESA, ambayo magari hutumia kuvukia mipaka, ni kinga ya mtu wa tatu: dereva akimgonga mpita njia au gari la mwingine. Haimlipi mwenye gari kwa bampa yake wala kwa tairi iliyopotea. Kwa hayo unahitaji bima nyingine ya mali ikiwa safarini, na ni lazima uiulize wewe, kwa sababu si kila kampuni itakutajia.

Kuna watakaosema dawa ni rahisi: magari yote yapande trela, madereva wa safari waachwe. Ninaelewa hoja hiyo, maana mimi mwenyewe nililipia trela. Trela halipandishi kilomita, halibebi abiria wa kuokota njiani, na gari halinyonywi mafuta kwa mpira pale Mtito Andei. Tusijidanganye, mambo hayo yapo. Vijana wetu si malaika, na wapo wanaosomesha wadogo zao kwa pesa za abiria waliopakiwa kwenye gari la watu. Lakini trela nalo lina yake. Husubiri lijae, na gari likisubiri kwenye yadi ada za kuhifadhi zinapanda kila siku. Hupimwa kwenye mizani kuanzia Mariakani. Kwa mtu aliyeagiza gari dogo moja kwa akiba ya miaka, tofauti ya bei si ndogo. Wengi wataendelea kuchagua dereva, na wana haki ya kuchagua wakijua wanachonunua.

Kisha kuna upande wetu sisi wakaazi wa bara la Mombasa. Agosti 2019 ilipotolewa amri kwamba mizigo yote ya Nairobi na nchi za ndani ipande reli ya SGR, mji huu uliandamana. Wenye malori, mekanika wa Miritini, mama lishe wa Mariakani, wote waliona riziki ikipita juu ya vichwa vyao. Mahakama Kuu iliibatilisha amri hiyo Novemba 2020, na Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza kwamba shughuli za kuondoa mizigo zitarudi bandarini Mombasa. Tulishangilia. Lakini kurudi kwa kazi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kazi hiyo inarudi ikiwa ya namna gani. Kazi inayomlaza kijana kwenye benchi Malaba, isiyomlipa nauli ya kurudi kwa uhakika, na inayomfanya mshukiwa wa kwanza kitu kikipotea, tuliipigania barabarani halafu tukaiacha bila kuitazama tena.

Wenzetu wengine wamelitatua hili kwa njia isiyo ya ajabu. Marekani, ambako watu husafirisha magari kutoka jimbo moja hadi jingine kila siku, mchukuzi wa mizigo baina ya majimbo huandikishwa na serikali kuu, na dalali anayetafuta tu mtu wa kubeba huandikishwa kwa jina lake la udalali, ili mteja ajue anazungumza na nani. Gari likichukuliwa, hukaguliwa pande zote, makovu yanaandikwa kwenye hati, pande mbili zinatia sahihi, na likifika hukaguliwa tena kwa hati ileile. Na tangu 1906 sheria yao inambebesha mchukuzi dhima ya hasara iliyotokea mali ikiwa mikononi mwake, bila mwenye mali kulazimika kuthibitisha uzembe wa nani. Huko nako malalamiko hayajaisha. Lakini mlalamikaji huanza na karatasi mkononi.

Sisi hatuhitaji kusubiri bunge ili tuanze. Ukitaka kusafirisha gari kutoka hapa, hakikisha risiti inasema kama ni trela au dereva. Uliza kama kampuni unayoilipa ndiyo itakayobeba, au itampa mwingine. Piga picha gari pande zote nne, dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, buti ikiwa wazi, tairi ya spea na jeki vikionekana. Andika vitu hivyo kwenye karatasi moja, pamoja na jina la dereva na siku ya kufika, na anayekabidhi na anayekabidhiwa watie sahihi. Atakayepokea mwisho wa safari afanye vivyo hivyo kabla ya kuchukua ufunguo.

Ukipata hasara, usikimbilie kumfunga dereva. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kisheria inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujitetea bila wakili. Sikwenda huko, kwa sababu risiti yangu haikuwa na neno nililohitaji. Wewe usirudie kosa langu.

Na kwa vijana wetu: hiyo karatasi ni ngao yenu kuliko ya mwenye gari. Dereva aliyeandika kwamba amekuta mkwaruzo hawezi kuulipa. Dereva ambaye jina la aliyempokea yadi limeandikwa hawezi kudaiwa tairi iliyopotea akiwa amelala nje. Mkiungana, hata ishirini tu wa Bombolulu na Kisauni, mkakataa kuwasha gari bila karatasi ya makabidhiano na bila nauli ya kurudi kuandikwa, kampuni zitazoea. Mmoja peke yake ataambiwa aondoke, kuna wengine getini.

Shemeji nilimlipa tairi na jeki kutoka mfukoni mwangu. Bampa alijitengenezea. Tunazungumza, ingawa sasa husalimia kwanza watoto.

Yule kijana bado anasafiri. Niliandika fomu ya ukurasa mmoja, nikampa nakala kumi zilizotolewa kwenye duka la fotokopi hapa karibu na steji. Kampuni mbili zilitia sahihi bila maneno. Ile ya kwangu mimi ilikataa. Karani alisema hawana desturi hiyo. Kijana aliweka ufunguo mezani, akarudi nyumbani kwa matatu, akapoteza ujira wa safari moja. Mama yake hakufurahi, na siwezi kumlaumu.

Lakini msomaji mwenye gari la kusafirisha, lichukue hilo kama jibu ulilopewa bure. Kampuni inayoogopa kuandika jinsi ilivyolipokea gari lako imeshakwambia jinsi itakavyolirudisha.